Kibonge cha Sukari Uzioni

Lucjan Pietrzyk alipobisha hodi, Bronka alikuwa amekwisha kumwona kupitia pazia tangu alipokuwa akiegesha gari, na akamwacha asimame kwenye theluji mpaka masikio yamwive.

"Mama, kuna mtu mlangoni," Kajtek akaita kutoka chumbani kwake.

"Najua. Mwache apigwe na baridi. Mafuta anayo."

Mwishowe kijana mwenyewe alitoka akamfungulia. Lucjan akaingia, akavua kofia, akapangusa viatu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alikuwa amenenepa na nywele zimemtoka, lakini ile tabia yake ya kutazama sakafu anapoongea ilikuwa palepale.

"Shemeji," akasema. "Habari za siku nyingi."

"Shemeji ni mke wa ndugu yako. Wewe hapa hukuwa na ndugu. Sema kilichokuleta."

Kilichomleta kilikuwa Kajtek. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa misimu miwili alikuwa amewatimulia udongo vijana wenzake wote wa daraja la pili kwenye uwanja mdogo wa Lipnik. Sasa timu ya Gronów ilimtaka. Gronów ni daraja la juu, ambako hata wenye majina hutoka wakilia, na kocha wa Gronów alikuwa huyuhuyu Lucjan. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi na minane hapandi pikipiki ya mashindano mpaka mzazi atie saini.

"Nitamlea kama wangu," Lucjan akasema.

"Ulimlea baba yake pia. Tukaona."

Kajtek akainamisha kichwa. Hadithi hiyo alikuwa ameinyonya pamoja na maziwa.

Zenon Mrugała, baba yake, na Lucjan walikuwa jozi moja. Walikimbia wakiwa wawili dhidi ya wawili, kwa timu ya Lipnik, enzi hizo timu ikiwa mali ya kiwanda cha matofali. Mwaka ule viwanda vilipoanza kufungwa, Jumapili moja, pikipiki nne ziliingia kona ya kwanza na tatu zikatoka. Kuta za uwanja siku hizo zilikuwa za mbao. Zenon hakurudi tena nyumbani, na Bronka alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Hilo peke yake angelibeba. Wanawake wa Lipnik wamezoea kubeba. Lakini kamati ilipokaa kuuliza ilikuwaje, Lucjan alisimama, akatazama sakafu, akasema kwamba walipokuwa wakisubiri kuanza, kofia kwa kofia, alisikia harufu ya pombe mdomoni mwa mwenzake. Neno hilo moja lilitosha. Bima ikakataa kulipa. Nyumba ya kiwanda ikachukuliwa. Padri alizika kwa sauti ya chini kama mtu anayeficha kitu, na watoto wa mtaani wakamwita Bronka mjane wa mlevi. Mwaka uliofuata Lucjan alikuwa Gronów, kwenye nafasi ambayo Zenon alikuwa ameahidiwa.

Na Zenon hakuwa mlevi! Hata siku ya harusi yake alikunywa maji ya matunda, wajomba wakamcheka. Kwa miaka kumi na saba Bronka alikuwa na jibu lilelile kwa kila aliyethubutu kumtazama vibaya sokoni au kule kwenye mabanda ya uyoga alikofanya kibarua: "Pikipiki zenyewe zinakunywa spiriti badala ya petroli. Uwanja mzima unanuka spiriti na mafuta ya nyonyo. Aliinusa tangi, mwongo mkubwa yule, akasema ni mume wangu."

Nyumbani mwake chupa ya vodka haikupata kuvuka kizingiti, si Krismasi, si Pasaka, si kipaimara. Hilo alijivunia mbele ya mtaa mzima.

"Usipotia saini," Kajtek akasema pale mezani, taratibu, "Oktoba natimiza kumi na minane. Nitakwenda bila kukuaga."

Bronka alimtazama. Sauti ilikuwa ya kwake, lakini kidevu kilikuwa cha Zenon. Akachukua kalamu. Shule aliiacha mapema akawachunge bata bukini wa watu, na jina lake aliliandika herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuka ziwa lililoganda.

"Nina sharti," akasema kabla ya kumpa karatasi. "Kila mashindano nitakuwepo. Siku nitakayoona kitu, kitu chochote, nakuja kulifuta jina langu kwa mkono huuhuu."

"Sawa," Lucjan akajibu.

Alikubali upesi mno. Bronka akaliweka hilo akilini, la kwanza kati ya mengi.

*

Pikipiki hizi hazina breki. Zina gia moja, na huzunguka uwanja wa mviringo mara nne, zikipinda kushoto tu. Mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma, na mpandaji hujisaidia nacho kwenye udongo huku gurudumu la nyuma likitupwa nje. Mbio nzima haichukui muda wa kumenya kiazi. Watu wa Gronów hutoka kanisani, hula supu ya kuku, kisha hubeba pakiti zao za mbegu za alizeti na kwenda uwanjani, na mbio zikiisha jukwaa zima limefunikwa maganda.

Bronka alikaa kona ya kwanza, kona kama ile iliyomchukua Zenon, karibu na ukuta. Jirani yake alikuwa Walcia, mjane wa dereva wa treni, mwanamke mnene mwenye kucha nyekundu, aliyeweza kubangua mbegu, kutema ganda na kutukana mwamuzi kwa pumzi moja.

"Umeona?" Bronka alimwuliza siku ya kwanza, Aprili.

"Nimeona nini? Nimeona makalio ya yule mpandaji wetu Mdenmaki. Si haba."

"Kajtek wangu. Nafasi ya nne tena."

Nafasi za kuanzia ni nne, kutoka ndani kwenda nje. Ya nne ndiyo ya nje kabisa, ubavuni mwa ukuta, yenye njia ndefu kuliko zote. Wenzi wa timu moja hugawana zao wawili, na mgawaji ni kocha. Mara tatu siku hiyo Kajtek alipanda, na mara zote tatu Lucjan alimpa ya nje.

"Mtoto mpya hupewa mfupa, dada," Walcia akasema. "Mwanangu alipoanza kazi relini alipewa kufagia choo mwaka mzima."

"Baba yake aliufia ukuta wa nje kama huo. Na anayempanga ndiye aliyekuwa naye."

Walcia akaacha kubangua. "Yesu Maria," akasema, na kuanzia hapo wakawa wawili wa kutazama.

Lipnik Kajtek alikuwa jogoo. Gronów alikuwa kifaranga. Alianguka. Aligusa utepe wa kuanzia akatolewa. Alimaliza wa mwisho huku udongo wa wengine umemjaa mdomoni. Wanaume jukwaani walisema huyu arudishwe kwao akachunge mbuzi, na Bronka aliwageukia akawaambia wapande wao, wakipata pikipiki itakayobeba matumbo hayo.

Injini aliishuku pia. Fundi wa Kajtek alikuwa Serafin, mzee mwembamba wa Lipnik aliyekuwa fundi wa Zenon zamani, mtu pekee wa viwanjani ambaye Bronka alimruhusu kukaa jikoni kwake. Hata yeye hakusalimika.

"Serafin, injini hii nani kaifungua?"

"Mimi, dada Bronka."

"Na kabla yako?"

"Aliyeitengeneza."

"Na kabla yake?"

"Mungu, siku ya sita, baada ya ng'ombe. Ukitaka nimwite tumhoji?"

"Usinifanyie mzaha. Nani mwingine ana ufunguo wa gari lenu?"

"Kocha, bila shaka."

"Aha," Bronka akasema.

Mei kilitokea kitu kilichomkata usingizi. Alikuwa amesimama kwenye uzio wa eneo la wapandaji, akamwona msaidizi mmoja anampa Kajtek chupa ya maji. Kijana alizungusha kifuniko, na kifuniko hakikulia. Chupa mpya hulia; mtu mzima anajua hilo. Bronka alipiga kelele mpaka kijana akaimwaga.

"Mama, labda mwenzangu aliionja tu!"

"Labda. Na labda baba yako alikufa kwa mafua. Sikiliza, mwanangu: kikulacho ki nguoni mwako. Kuanzia leo hutakula wala kunywa kitu cha watu hawa. Hata maji."

Basi akawa anabeba kikapu. Mkate wenye mafuta ya nguruwe na matango ya chumvi, viazi vya kusonga kwenye kopo, keki ya mbegu za popi, chai ya limau katika chupa ya joto. Wapandaji wenzake walimcheka Kajtek, wakamwita Mtoto wa Kikapu, na yule Mdenmaki akaomba keki kila Jumapili mpaka akazoea kusema asante kwa lugha ya wenyeji.

Chakula hakikutosha. Kijana alianza kutetemeka. Siku ya mbio alikuwa akienda nyuma ya gari la vifaa, anatapika, anarudi amekuwa mweupe kama ukuta wa zahanati.

"Baba yake alikuwa hivihivi," Serafin akamwambia Bronka pembeni. "Alikuwa akitapika hadi nyongo, halafu anapanda na kushinda. Baadaye akaacha kutapika. Sijui alifanyaje."

"Mimi najua," Bronka akajibu. "Nilikuwa nampa matone."

Matone hayo mama yake aliyatengeneza, na bibi yake pia. Vuli unachimba mizizi fulani kwenye mtaro wa shamba, ile inayonuka kama soksi ya mzee, unaikatakata, unailoweka ndani ya chupa ya spiriti kali mpaka Krismasi. Moyo ukienda mbio, unadondosha kwenye kibonge cha sukari, unaweka chini ya ulimi. Chupa ya Bronka ilikaa juu ya kabati, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Pombe ilikuwa ile inywewayo kwa glasi, na kelele, na wanaume kulala mtaroni. Hii ilikuwa dawa. Hakuna mtu wa Lipnik aliyewahi kuiita vinginevyo.

Kila Jumapili asubuhi, basi, kabla ya kuondoka nyumbani, alimpa Kajtek kibonge kimoja, na mkono wa kijana ukatulia. Juni alipata pointi zake za kwanza. Julai akafanya jambo lililowainua watu vitini: akiwa nafasi ya nne, badala ya kukimbilia ndani kama wengine, aliachia pikipiki iende nje kabisa, ubavuni mwa ukuta, mahali ambapo udongo ulikuwa umetupwa na bado una mshiko, akawazunguka watu wawili wazima kana kwamba wamesimama.

"Mama wee!" Walcia alipiga yowe. "Huyo amefundishwa na shetani!"

Bronka hakupiga yowe. Alikuwa ameona mtu mmoja tu akipita njia ile katika maisha yake, na alikuwa amemfulia nguo.

Lucjan alimkumbatia kijana mbele ya kamera. Jioni ndani ya gari la Serafin Bronka akauliza, "Alikwambia nini pale sikioni?"

"Alisema ndiyo maana alikuwa ananiweka nje. Alisema iko kwenye damu."

"Damu gani tena? Anataka damu?"

"Mama!" Kajtek akapiga kiti kwa ngumi. "Akiniweka nje, anataka kuniua. Akinisifu, anataka kuniua. Afanye nini huyo mtu ndipo uridhike?"

Bronka alitazama mashamba ya viazi yanayopita. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wao waliokua bila kuumwa humcheka.

*

Septemba ikabaki mbio moja. Timu ambayo ingeshinda ingebaki daraja la juu, ambayo ingeshindwa ingeshuka, na timu ikishuka, vijana wake huachwa njiani kama vitambaa vya mafundi. Kwa Kajtek ilikuwa hivi: akifanya vizuri siku hiyo, Gronów wangempa mkataba wa mtu mzima Oktoba. Asipofanya, ni kurudi Lipnik, na baada ya Lipnik ni mabanda ya uyoga pamoja na mama yake.

Jumamosi Lucjan aliwachukua wapandaji wote akawalaza katika nyumba ya wageni, eti watulie. Bronka alimpigia simu.

"Kwa nini unamtoa mwanangu nyumbani leo?"

"Ni timu nzima, mama Kajtek. Nawalaza pamoja kila mwisho wa msimu."

"Nani anawapikia?"

"Mpishi."

"Jina lake?"

Lucjan alikata simu. Bronka akaliweka na hilo akilini.

Jumapili alipanda treni na kikapu chake, na chupa ndogo ndani ya mfuko wa koti. Alipofika, mlango wa eneo la wapandaji ulikuwa umefungwa kwa wageni. Alimwona Kajtek kupitia wavu wa uzio, amevaa suti ya mbio hadi kiunoni, mikono inamtetemeka kama ya mzee.

"Umekula nini kule?"

"Sikula kitu. Ulinikataza." Midomo ilikuwa imemkauka. "Mama, sijalala. Siwezi hata kufunga vifungo."

"Njoo hapa."

Alidondosha matone juu ya kibonge cha sukari. Alifanya haraka, na matone yalikuwa mengi kuliko kawaida. Sukari ikageuka kahawia yote na kuanza kumeguka. Akaipitisha kwenye tundu la wavu.

"Fungua mdomo."

"Mama, tunaitwa kwa daktari."

"Fungua mdomo, nimesema."

Kijana alifungua, kama alivyofungua tangu hajaota meno, kisha akakimbia.

Bronka alikuwa hajafika hata kwenye kiti chake Serafin alipomfikia, kofia mkononi, pumzi hana.

"Dada, twende. Kijana wamempima pumzi kabla ya mbio, kama wanavyowapima wote. Kapuliza, mashine imelia."

"Imelia nini?"

"Pombe, dada. Wanasema kalewa."

Miguu ya Bronka ilimbeba yenyewe. Ndani ya kifua chake palikuwa na kitu kinachofanana na furaha, furaha mbaya, ya mtu aliyengoja miaka kumi na saba na sasa amekamata mkono wa mwizi ndani ya sanduku. Mlinzi alitaka kumzuia, akamtazama usoni, akafungua.

Walikuwa wamesimama kando ya meza: daktari mwanamke kijana mwenye mashine ndogo mkononi, mtu wa chama cha mbio hizi aliyevaa tai, Kajtek akiwa mweupe, na Lucjan.

"Umempa nini?" Bronka alimwendea Lucjan moja kwa moja. "Sema mbele za watu! Mara ya kwanza ulitumia mdomo wako, leo umeleta na mashine!"

"Mimi sijampa kitu."

"Mwongo! Mwongo tangu zamani! Baba umemwita mlevi akiwa kaburini, sasa na mtoto?"

"Mama, tafadhali," daktari akasema. "Kijana anasema hajui. Labda wewe unajua. Amekula au kunywa nini leo?"

"Hajatia mdomoni kitu cha watu hawa, hata tone la maji! Mwulize. Kila kinachoingia mdomoni mwa mwanangu kinatoka mkononi mwangu."

Alilisema kwa nguvu, na kila mtu alilisikia, na yeye mwenyewe akalisikia.

Akamgeukia Kajtek. Kijana hakuwa akimtazama usoni. Alikuwa akiutazama mfuko wa koti lake, na alipoona mama yake ameona, akayaondoa macho haraka.

"Sijui," Kajtek akarudia. "Sijui imetoka wapi."

Kumbe alijua. Alikuwa amejua tangu mashine ilipolia, na alikuwa tayari kupoteza msimu, na mkataba, na jina, asije akamtaja.

Lucjan alikuwa amemsogelea kijana. Bronka aliona pua yake ikipanuka. Kisha uso wa mtu yule mnene ulibadilika, ukawa wa kijana wa miaka ishirini na tano, ukamtazama Bronka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake haukutazama sakafu.

"Harufu hiyo," akasema polepole. "Harufu hiyo mimi naijua."

Hapo Bronka alielewa, na hakuna aliyemweleza. Zenon, Jumapili, mlangoni, kofia kwapani. Fungua mdomo. Alifungua, akacheka, akamwachia harufu ya mizizi shavuni.

Chupa ilikuwa nzito mfukoni. Ingeweza kubaki pale. Angerudi nayo kwenye treni, aimwage chooni, na Zenon angebaki safi kama alivyomfua miaka yote hii, na Lucjan angebaki mwongo. Lakini Kajtek angekuwa mlevi mtoto wa mlevi, na huyu angeishi kulisikia.

Aliitoa, akaiweka mezani.

"Ni dawa ya moyo," akasema. "Nimempa mimi. Sasa hivi, uzioni."

Daktari alifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mama, hii ni spiriti tupu."

"Ni mizizi."

"Mizizi iliyoogelea kwenye spiriti." Lakini aliyasema bila ukali. Akamgeukia mtu wa chama. "Kama ni ya mdomoni tu, itaisha. Asukutue, asubiri kidogo, apulize tena. Kanuni inaruhusu. Ikiwa iko kwenye damu, mashine haitadanganyika."

Mtu wa chama alitazama saa, akatazama jukwaa lililokuwa linaimba, akakubali kwa kichwa.

*

Kajtek alisukutua na kutema, akasukutua na kutema, Serafin akimshikia ndoo. "Tema vizuri, bwana," mzee alikuwa akimwambia. "Hata maziwa uliyonyonya yametoka sasa."

Bronka alisimama kando ya rundo la magurudumu. Lucjan akaja akasimama naye, si karibu sana.

"Na Zenon pia?" akauliza.

Bronka aliyatazama magurudumu. "Na Zenon pia. Kila Jumapili."

Lucjan aligusa gurudumu moja kwa ncha ya kiatu. "Lipnik sikwenda kumzika hata mama yangu mchana. Nimemzika jioni, nikajificha kama mwizi. Mke wangu alitemewa mate sokoni. Mpaka mwenyewe nilianza kufikiri nilisikia vibaya, labda ilikuwa tangi."

"Ungeweza kunyamaza."

"Waliniuliza."

"Waliwauliza wote. Wengine walisema hawajui. Yeye alikuwa amelala chini ya udongo, mimi nina tumbo, na wewe ukasema. Kisha ukachukua nafasi yake."

"Ningeweza kunyamaza," Lucjan akasema.

"Ulimsukuma?"

"Hapana. Sikumpisha. Alikuwa nje, nami sikumpa nafasi. Ilikuwa mbio, Bronka. Lakini sikumsukuma. Na tone la dawa hiyo haliangushi mtu kama yule, usiku usije ukajidanganya hivyo."

Bronka alimkagua usoni kama anavyokagua uyoga, juu na chini, akitafuta doa. Huenda alisema kweli. Alikuwa amesema kweli mara moja, na Bronka akamwita mwongo ujana wake wote. Huenda pia alikuwa mtu anayejua kuchagua siku ya kusema kweli. Haya mawili yalikaa ndani yake pamoja, na hakuna lililomfukuza mwenziwe.

Mashine haikulia mara ya pili. Daktari aliionyesha kwa mtu wa chama, kisha akamwonyesha Bronka, sifuri, akamrudishia chupa yake. "Usimpe tena siku ya mbio. Mpe nyumbani, majira ya baridi."

"Akitetemeka je?"

"Atetemeke."

Kajtek alifunga vifungo vyake mwenyewe. Vidole vilikuwa vinamcheza, ikamchukua muda, na hakuna aliyemsaidia. Lucjan akamwuliza, "Nafasi gani?" Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza.

Kijana alimtazama mama yake kupitia kofia. Ya kwanza, ya ndani, ilikuwa wazi, fupi, mbali na ukuta. Bronka alijua kwamba akiinua kidole tu, mwanawe angeichukua. Akaiweka mikono yake mifukoni.

"Ya nne," Kajtek akasema.

Bronka hakurudi kwa Walcia. Aliitazama mbio ile palepale kwenye uzio, wavu umemkaa kwenye paji la uso. Utepe ukaruka. Nne ziliingia kona ya kwanza ndani ya wingu la udongo, na kwa kitambo hakuona kitu, alisikia tu injini, na hakuweza kumwomba hata Bikira Maria. Kisha zikatoka. Akahesabu. Nne. Ya nje ilikuwa yenye kofia ya bluu, ya Kajtek, gurudumu la nyuma likilamba mito ya hewa iliyofunika ukuta siku hizi, nayo ilikuwa ya pili, na mzunguko wa tatu ikawa ya kwanza. Jukwaa lilipolipuka, Serafin alitupa kofia yake juu, ikaangukia kwenye pipa la mafuta machafu, naye akaiacha humo.

Gronów ilibaki daraja la juu jioni ile kwa pointi mbili. Wapandaji walimrusha Kajtek hewani kama ilivyo desturi, wakamdaka, wakamrusha tena, na safari hii hawakumwita Mtoto wa Kikapu.

Lucjan alikuja tena uzioni. Macho yalikuwa mekundu, huenda kwa vumbi.

"Oktoba atatia saini mwenyewe," akasema. "Hutakuwa na jina la kufuta."

"Macho nitakuwa nayo."

"Najua." Alitia mkono mfukoni, akatoa pakiti ya mbegu za alizeti iliyokwisha kufunguliwa, akamnyooshea. "Karibu, shemeji."

Bronka akachukua chache, akazisogeza puani na kuzinusa, akabangua moja.